Wilma Rudolph: Mwenye Mbio Kuliko Wote Alikuwa Mwanafunzi wa Ualimu



Kwanza niseme wazi kwamba mimi si mwanamichezo. Mbio ninazozijua ni za kuwahi kiti cha mbele kwenye kipindi cha saa moja asubuhi, na hata hizo huwa nashindwa. Nasoma shahada ya elimu, nina miaka 22, na nimeandika makala hii kwa sababu ya swali ambalo sisi watu wa ualimu tunalipiga danadana kila semina: kipaji mtu anazaliwa nacho, au anafundishwa? Kila mara swali hili linapoibuka utasikia majina yaleyale, na Usain Bolt hakosi. Leo nataka tulitazame kupitia mtu mwingine ambaye wengi wetu hatumjui vizuri, ingawa alikuwa karibu nasi kuliko Bolt. Aliitwa Wilma Rudolph, Mmarekani mweusi. Mwaka 1960 alikuwa mwanamke mwenye mbio kuliko wote duniani. Alikuwa na miaka 20, na alikuwa chuoni anasomea ualimu.

Wanaomsimulia Wilma humsimulia kama muujiza: mtoto aliyepooza mguu akaja kuchukua dhahabu tatu za Olimpiki. Ni kweli ilitokea hivyo. Lakini neno muujiza lina hasara yake kwa mwalimu. Muujiza hauna hatua, hauna mpango wa somo, huwezi kuurudia darasani. Ukiyafuatilia maisha ya Wilma taratibu utakuta watu wenye majina, kazi walizofanya na muda waliotumia. Utakuta pia milango kadhaa ambayo mtu mmoja tu, mzazi au mwalimu, angeifunga na dunia isingewahi kumsikia. Hiyo milango ndiyo hoja yangu. Twende nayo mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza: ugonjwa

Wilma Glodean Rudolph alizaliwa tarehe 23 Juni 1940, Saint Bethlehem, karibu na mji wa Clarksville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Baba yake, Ed, alikuwa mpagazi kwenye reli. Mama yake, Blanche, alifanya kazi za ndani kwa familia za wazungu. Mzee Ed alioa mara mbili, na Wilma alikuwa mtoto wake wa 20 kati ya 22. Alizaliwa njiti, akiwa na kilo mbili tu.

Utoto wake ulikuwa wa kuumwa. Aliugua nimonia, akaugua homa nyekundu, na alipokuwa na miaka minne au mitano akapata polio. Chanjo ya polio ilikuja kuidhinishwa Marekani mwaka 1955, kwa hiyo yeye ilimkuta ameshachelewa kwa miaka kumi hivi. Mguu wa kushoto ulilegea na kupinda. Madaktari walisema pengine hatatembea kama watu wengine. Mama yake alisema atatembea, na Wilma alikuja kueleza baadaye kwamba alichagua kumwamini mama.

Sasa hapa ndipo watu hurukia Olimpiki. Tusubiri kidogo. Imani ya mama Blanche ilikuwa na ratiba. Ilikuwa enzi za ubaguzi wa rangi na huduma za watu weusi Clarksville zilikuwa duni, kwa hiyo alimpeleka mtoto Nashville, kwenye hospitali ya chuo cha tiba cha Meharry, chuo cha weusi. Ni kama kilomita 80 kwenda. Walipanda basi kila wiki, wakikaa viti vya nyuma kama sheria za kibaguzi zilivyotaka, kwa takriban miaka miwili. Na kwa kuwa tiba ya mara moja kwa wiki haikutosha, mama alijifunza kuukanda ule mguu, kisha akawafundisha na wengine nyumbani. Wakawa wanapokezana kumkanda mara nne kwa siku.

Hebu piga hesabu ya kawaida. Mara nne kwa siku ni mara 28 kwa wiki, na kwa mwaka ni karibu mara 1,500. Hakuna hata mara moja kati ya hizo ambayo mtu angeona tofauti ya jana na leo. Wilma alivaa chuma cha kushikilia mguu, kisha akahamia kiatu maalum, na alipofika miaka 12 hivi alikuwa ameachana na vyote viwili. Alianza shule akiwa na miaka saba, moja kwa moja darasa la pili katika shule ya msingi ya Cobb, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa akifundishwa nyumbani.

Mwaka jana kwenye BTP, katika shule moja ambayo siitaji, kulikuwa na msichana wa kidato cha pili anayechechemea. Kila kipindi cha michezo kazi yake ilikuwa kulinda mabegi ya wenzake chini ya mwembe. Hakuna aliyemtukana wala kumcheka. Walimu walimpenda, wanafunzi walimpenda, na mwembe ulikuwa na kivuli kizuri. Nilipomwuliza anapenda mchezo gani alinitazama kwa mshangao, kama vile swali lenyewe halimhusu. Nilipoanza kusoma habari za Wilma niliwaza sana ule mwembe. Mlango unaweza kufungwa kwa upole kabisa, hata mfungaji asijue kwamba kaufunga.

Mlango wa pili: benchi

Shule ya sekondari aliyosoma Wilma iliitwa Burt, nayo ilikuwa ya watoto weusi tu. Akajiunga na timu ya mpira wa kikapu. Mwanzoni alikaa sana benchi. Kocha wake, Clinton Gray, alimbandika jina la utani lenye maana ya mbu, kwa sababu kila akigeuka alimkuta yuko miguuni pake anamzongazonga ampange kwenye mechi. Mwishowe akampanga, na msimu mmoja msichana yule akafunga pointi 803.

Katika mashindano hayo ya kikapu, mmoja wa waamuzi alikuwa Ed Temple. Huyu Temple alifundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Tennessee, Nashville, na jioni alikuwa kocha wa riadha ya wanawake chuoni hapo. Alikwenda kuchezesha mechi, akaona miguu. Akamwalika Wilma, angali mwanafunzi wa sekondari, aje kufanya mazoezi ya likizo na wasichana wa chuo.

Usidhani mambo yalinyooka. Mashindano yake makubwa ya kwanza yalifanyika Tuskegee, Alabama. Shuleni kwao alikuwa hashindwi na mtu, ila kule Tuskegee alishindwa mbio zote alizoingia. Zote! Akarudi nyumbani amenyong'onyea, na ndipo alipoelewa kwamba miguu mirefu peke yake haitoshi, kuna ufundi wa kujifunza: namna ya kutoka kwenye mstari, kupumua, kulegeza mabega, kumaliza. Alikuwa na urefu wa karibu mita 1.80, kwa hiyo kuinuka pale mwanzoni kulimchukua muda kuliko wenzake wafupi. Kutoka polepole hakukumwisha hata alipokuwa bingwa. Kasi yake ilikuwa inafunguka katikati na mwishoni.

Mwaka 1956, akiwa na miaka 16, alikuwa mdogo kuliko wote katika timu ya riadha ya Marekani iliyokwenda Olimpiki ya Melbourne, Australia. Mita 200 akatolewa kwenye mchujo. Kwenye mbio za kupokezana vijiti 4x100 akapata medali ya shaba pamoja na wenzake watatu. Nyota wa michezo ile alikuwa msichana wa Australia, Betty Cuthbert, aliyeondoka na dhahabu tatu, na Wilma alimtazama kwa macho ya mwanafunzi.

Aliporudi Burt wanafunzi wenzake walipitishiana ile medali mkono kwa mkono hadi ikajaa alama za vidole. Akajaribu kuisugua ing'ae, haikung'aa. Akagundua kwamba shaba ina mpaka wake. Akaamua kutafuta dhahabu.

Mlango wa tatu: ujauzito

Hapa naomba tuwe wakweli, maana ni sehemu ambayo vitabu vingi vya watoto huiruka. Mwaka wake wa mwisho sekondari Wilma alipata ujauzito. Binti yake, Yolanda, alizaliwa Julai 1958. Septemba ya mwaka huohuo Wilma alitakiwa kuanza chuo.

Kwa desturi za wakati ule habari ingeishia hapo. Baba yake alikuwa mkali, mji ulikuwa mdogo, na Temple mwenyewe alikuwa na msimamo wa kutochukua wasichana wenye watoto kwenye timu yake. Lakini familia ikakubali kumlea mtoto, na Temple akamchukua Wilma. Miaka miwili baadaye mama huyu kijana alikuwa Roma.

Kwetu Tanzania jambo hili si hadithi ya mbali. Hadi mwaka 2021 msichana aliyepata ujauzito shuleni alikuwa anafukuzwa, mchezo umekwisha. Novemba mwaka huo serikali ikaruhusu waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi katika shule za serikali. Ni hatua kubwa. Lakini sote tunajua waraka ni karatasi. Anayempokea msichana yule getini Jumatatu asubuhi ni mwalimu, na darasa litamchukulia jinsi litakavyomwona mwalimu anavyomchukulia. Kama Temple angeshikilia msimamo wake, asingekuwa amevunja sheria yoyote. Watu wangesema ana nidhamu. Dunia ingekosa bingwa na asingejua hata mtu mmoja.

Najua kuna msomaji atasema hapa nahalalisha mimba shuleni. Hapana. Nasema kosa la mwanafunzi lisiwe mwisho wa mwanafunzi.

Chuo cha Temple

Maisha ya Wilma chuoni yatakuchekesha kwa jinsi yanavyofanana na yetu. Hakukuwa na boom. Ada yake aliilipa kwa mpango wa kufanya kazi: saa mbili kila siku anatumika hapo chuoni, kisha masomo, kisha mazoezi. Timu ya Temple ilikuwa maarufu, lakini umaarufu haukuja na pesa.

Temple alikuwa na sheria za ajabu. Ukichelewa mazoezini, kila dakika uliyochelewa unaizungukia uwanja mara moja. Siku moja Wilma alipitiwa na usingizi akachelewa dakika 30. Akazunguka mara 30. Siku iliyofuata alifika dakika 30 kabla ya muda. Kila nikikumbuka kisa hiki nawawaza wahadhiri wetu na karatasi za mahudhurio, na namshukuru Mungu hawamjui Temple.

Lakini ukali huo ulikuwa na upande wa pili. Temple alitaka wasichana wake wamalize shahada. Zaidi ya miaka arobaini aliyofundisha, alitoa wakimbiaji 40 wa Olimpiki, na karibu wote walihitimu. Ndugu zangu wanaodhani michezo na GPA havikai nyumba moja, takwimu hiyo ikae vichwani mwenu. Kocha alikuwa mwalimu wa darasani, na aliijua saa ambayo miguu itachoka.

Roma, 1960

Julai 1960, Corpus Christi, Texas, Wilma alikimbia mita 200 kwa sekunde 22.9. Hakuna mwanamke aliyewahi kwenda chini ya sekunde 23 kabla yake. Ni kasi ya wastani ya kilomita 31 kwa saa, mwendo wa bodaboda mtaani, kwa miguu.

Michezo ya Roma ilikuwa ya kwanza kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni sehemu kubwa ya Ulaya. Ndiyo michezo ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni bila viatu, na kijana wa Mombasa, Seraphino Antao, aliikimbilia Kenya mbio fupi, miaka miwili kabla hajaenda Perth kuchukua dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola. Muda mfupi kabla ya mbio zake Wilma alikanyaga shimo akateguka kifundo cha mguu. Wakaufunga, ukapoa, akaingia uwanjani.

Tarehe 2 Septemba, fainali ya mita 100: sekunde 11.0. Aliyefuata, Dorothy Hyman wa Uingereza, alikuwa nyuma kwa nafasi ambayo katika mbio fupi ni sawa na uwanja mzima. Tarehe 5 Septemba, mita 200: dhahabu ya pili, sekunde 24.0, huku upepo ukimpiga usoni. Tarehe 8 Septemba, kupokezana vijiti. Timu ilikuwa Martha Hudson, Lucinda Williams, Barbara Jones na Wilma. Wote wanne walitoka chuo kimoja, chuo cha weusi ambacho nusu ya Marekani haikujua kiko wapi. Kwenye mchujo walikuwa wameshaweka rekodi ya dunia, sekunde 44.4. Kwenye fainali kijiti kilipokuwa kinamfikia Wilma kilitaka kuponyoka. Akakidaka, Mjerumani akiwa ameshatangulia, akamfuata, akampita. Dhahabu ya tatu. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyewahi kupata dhahabu tatu za riadha katika Olimpiki moja kabla yake. Magazeti ya Italia yakamwita swala mweusi.

Rekodi inasomwaje?

Nataka nisimame hapa kidogo, kwa sababu kuna somo la upimaji ndani yake, na sisi wa elimu tunapenda kupima.

Zile sekunde 11.0 za fainali hazikuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Kwa nini? Upepo. Kanuni za riadha zinasema upepo unaomsukuma mkimbiaji kwa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, muda hauingii kwenye rekodi. Siku ile ulikuwa 2.75. Medali ilibaki yake, kwa sababu upepo uliwasukuma wote sawa, ila muda haukulinganishwa na wa siku nyingine. Kwenye nusu fainali, ambako upepo ulikuwa wa halali, alikimbia kwa 11.3 na kuifikia rekodi iliyokuwepo. Akaja kuivunja tarehe 19 Julai 1961, Stuttgart, kwa 11.2.

Pili, muda huo ulichukuliwa kwa saa za mkononi. Mtu anaona moshi wa bastola, anabonyeza. Anaona mkimbiaji kwenye mstari, anabonyeza tena. Tangu 1977 rekodi za mbio fupi zinatambuliwa kwa saa za umeme tu, zinazosoma mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Kwa hiyo ukiweka 11.2 ya Wilma karibu na 10.49 ya Florence Griffith Joyner ya mwaka 1988, rekodi inayoshikilia hadi leo, jihadhari. Njia ya kukimbilia ilikuwa ya mavumbi ya makaa na si mpira, viatu vilikuwa vingine, saa ilikuwa nyingine.

Na rekodi yenyewe haikukaa muda mrefu. Mwaka 1964, kwenye Olimpiki ya Tokyo, ile 11.2 ilifikiwa na Wyomia Tyus, na mwaka uliofuata ikavunjwa huko Ulaya. Tyus alikuwa mwanafunzi wa Temple pia, chuo kilekile, mazoezi yaleyale. Alikuja kuwa mtu wa kwanza kushinda mita 100 za Olimpiki mara mbili mfululizo, 1964 na 1968. Kama Wilma angekuwa muujiza, Tyus angetoka wapi? Muujiza wa pili, mlango wa pili kutoka wa kwanza? Hapana bwana. Ile ilikuwa shule.

Mlango wa nne: rangi

Wilma aliporudi nyumbani, Clarksville ilitaka kumpokea kwa gwaride na karamu. Tatizo ni kwamba kwa utaratibu wa Tennessee ya wakati ule weusi na wazungu wasingechanganyika. Gavana wa jimbo, Buford Ellington, alikuwa amechaguliwa akijulikana kuwa mtetezi wa ubaguzi. Wilma akasema kama ni hivyo, yeye haji. Fikiria: binti wa miaka 20, ametoka kwenye familia ya mpagazi na mfanyakazi wa ndani, anauambia mji wake kwamba sherehe yenu siitaki kama mama yangu hawezi kukaa na jirani yake mzungu.

Mji ukakubali. Tarehe 4 Oktoba 1960 gwaride lilipita na jioni zaidi ya watu 1,000, weusi kwa wazungu, walikaa chumba kimoja wakala pamoja. Lilikuwa tukio la kwanza la mji huo kuwachanganya watu wote. Mwaka 1963 alirudi tena kwenye mapambano hayo, akiandamana na wenzake kudai mgahawa mmoja wa Clarksville uwahudumie weusi.

Nadhani hii ndiyo mbio yake niipendayo kuliko zote, na ndiyo isiyokuwa na saa ya kuipima.

Chaki

Mwaka 1962 Wilma alistaafu riadha. Alikuwa ametimiza miaka 22, umri nilio nao mimi ninapoandika. Alikuwa ameshachaguliwa mwanamichezo bora wa kike wa mwaka nchini kwao mara mbili, 1960 na 1961, na ameshakwenda Ikulu ya Marekani kuonana na Rais Kennedy. Angeweza kuendelea hadi Tokyo. Aliona ni heri kuondoka akiwa juu kuliko kwenda kupata pungufu ya kile alichokipata Roma.

Je, alistaafu tajiri? Hata kidogo. Riadha ya wakati ule ilikuwa ya ridhaa, ukilipwa unafungiwa. Kilichomlisha kesho yake ni kile cheti. Mwaka 1963 alihitimu shahada ya elimu, na katika mwaka huo huo alikwenda Afrika Magharibi, ikiwemo Dakar kwenye Michezo ya Urafiki, akiwa balozi wa heri wa nchi yake. Kisha akarudi Clarksville akashika chaki. Alifundisha darasa la pili katika Shule ya Msingi ya Cobb, ileile aliyoingilia darasa la pili akiwa na chuma mguuni, na akawa kocha wa mbio katika sekondari yake ya Burt.

Sitaki kupamba. Mshahara wa ualimu ulikuwa mdogo, na hakudumu pale. Maisha yalimhamisha mji kwa mji, kazi kwa kazi, mara nyingi kwenye mipango ya vijana na michezo. Mwaka 1977 alitoa kitabu cha maisha yake, na mwaka 1981 akaanzisha taasisi ya kufundisha watoto riadha bure huku wakisaidiwa masomo. Alifariki tarehe 12 Novemba 1994 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 54. Mwaka uliofuata chuo chake kilifungua bweni jipya kikalipa jina lake. Kwa hiyo leo kule Nashville kuna mwanafunzi anayesema amelala Wilma Rudolph kama sisi tunavyotaja block zetu.

Hapa kwetu tunaye anayekumbusha njia hiyo. Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, alipomaliza kukimbia alianzisha shule. Inaonekana watu waliofika mbali kwa miguu huwa wanajua walifikaje.

Tunajifunza nini?

Nirudi kwenye swali la kipaji. Mwili wa Wilma alizaliwa nao: ule urefu, ile misuli. Lakini mwili huohuo ulikuwa na mguu uliopinda. Ukiniuliza mimi, kipaji ni mali, na mali inaweza kuoza ghalani. Nimepata mambo manne ambayo mwalimu mtarajiwa anaweza kuondoka nayo.

Kwanza, maendeleo makubwa hayaonekani kwa siku moja. Mara 1,500 za kukanda mguu kwa mwaka hazina hata moja ya kupigiwa makofi. Mwanafunzi anayejikongoja kusoma silabi anahitaji uvumilivu wa aina hiyo, na mwalimu asipime jana na leo, apime mwaka na mwaka.

Pili, kushindwa ni taarifa. Tuskegee ilimwambia Wilma ana upungufu gani. Sisi tunarudisha mitihani yenye alama nyekundu bila neno hata moja la kumwambia mtoto afanye nini kesho. Hiyo ni Tuskegee isiyokuwa na Temple.

Tatu, ukali bila malezi ni mateso, na malezi bila ukali ni utani. Temple aliyemzungusha mtu uwanja mara 30 ndiye huyohuyo aliyempokea akiwa na mtoto mchanga. Mtu mmoja, moyo mmoja.

Nne, somo lisiishie uwanjani. Kama mwanafunzi wako bora wa UMISSETA hajui kuandika barua ya kuomba kazi, umemtumia, hujamfundisha. Kasi ya Wilma ilidumu miaka sita hivi. Elimu yake ilitumika thelathini.

BTP inakaribia. Wengi tutapangiwa shule ambazo hatujawahi kuzisikia, tutalalamika kuhusu maji na mtandao, ni haki yetu. Lakini wiki ya kwanza, kabla hujamaliza kuandaa azimio la kazi, zunguka uangalie nani yuko wapi wakati wa michezo. Nani analinda mabegi. Nani amerudi shule baada ya kujifungua na anakaa dawati la nyuma peke yake. Nani hajawahi kuulizwa anapenda nini. Mwulize jina lake, halafu mwulize anapenda mchezo gani, halafu usubiri jibu hata kama atachelewa kulitoa.

Wasiokubaliana nami karibuni tujibizane toleo lijalo. Nawatakia maandalizi mema ya mitihani, na Mungu atuepushe na sup.